Mashine Ikishapata Moto

Hounslow, London
Jumanne, 16 Januari 2024

Kaka Griffins,

Tafadhali usinipigie simu. Ukipiga, Mama ataichukua anisalimie, na nikisikia sauti yake nitaropoka kila kitu, na presha yake unaijua. Ndiyo maana nakuandikia kwa barua pepe ya karakana, usome ukiwa kazini.

Nimemgonga mtu na foklifti pale ghalani kazini. Ni Chancelle, yule rafiki yangu Mkongomani aliyekuja kupika nasi Krismasi. Alikuwa amesimama mbele ya rafu akisoma lebo za maboksi. Nilisimamisha mashine kwa mbali kidogo, nikaitoa kwenye gia, nikaiweka nyutro. Kisha nikakanyaga mafuta ili mikono ya kuinulia ipande na mzigo, kama tunavyofanya kila siku. Mashine ikaruka mbele. Nikavuta gia hadi rivasi na bado ikaenda mbele. Nilipozima ufunguo ilikuwa imeshambana kwenye chuma cha rafu. Hakupiga kelele, Griffins. Aliniangalia tu, kama mtu anayesubiri nimweleze jambo.

Yuko hospitali, mguu wa kushoto umesagika chini ya goti. Mimi nimesimamishwa kazi. Ian, meneja wetu, ameandika kwamba niliiacha kwenye gia ya mbele. Wakaguzi wa usalama kazini wa serikali watanihoji, na nimekatazwa kuwasiliana na Chancelle mpaka uchunguzi uishe.

Wewe umezitengeneza hizi mashine hapo Changamwe tangu utoke shule. Nijibu swali moja. Foklifti inaweza kwenda ikiwa nyutro? Kama haiwezi, sema hivyo hivyo. Nitajua ni mimi.

Inatumia gesi, giaboksi yake ni ya otomatiki. Tangu Novemba ilikuwa ikinguruma kwenye rampu ya kupakia bila kupanda sawasawa.

Dadako,
Peris

*

Changamwe, Mombasa
17 Januari 2024

Dadangu Peris,

Pole sana. Pole na kwa Chancelle. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena.

Kabla sijajibu, nataka uniambie ukweli, mimi na wewe tu. Una uhakika uliitoa kwenye gia? Siulizi kwa ubaya. Nimewaona madereva wazoefu wakiapa kwamba waliitoa, na mkono wa gia ukakutwa bado uko mbele. Mtu akifanya jambo mara nyingi, akili humwambia amelifanya hata kama leo hakulifanya.

Kuhusu kunguruma bila kupanda, fikira yangu ya kwanza ni konvata, lile bakuli la chuma lililojaa oili kati ya injini na giaboksi. Injini inazungusha oili, oili inasukuma giaboksi. Ndani yake kuna gurudumu dogo linalotakiwa kuzunguka upande mmoja tu. Likiharibika, mashine hukosa nguvu kwenye mlima. Lakini konvata mbovu huifanya mashine kuwa dhaifu. Haiifanyi iruke. Hapo ndipo ninapokwama.

Oili ilikuwa na rangi gani? Kuna aliyeipima?

Mama hajui kitu. Nimemwambia una kazi nyingi.

Kakako,
Griffins

*

Hounslow
20 Januari 2024

Griffins,

Kwa hiyo na wewe unaniuliza kama nina uhakika. Ian ameniuliza hivyo. Wakili wa kampuni ameniuliza hivyo. Nilidhani nikikuandikia wewe nitapata mtu mmoja wa kuanzia kwingine.

Sijui rangi ya oili. Mimi ni dereva. Ninachojua ni kwamba kampuni iliyotukodisha mashine ilimleta fundi wake Alhamisi asubuhi. Akaiwasha, akaijaribu mbele na nyuma, akaiweka nyutro, ikakaa kimya kama mtoto aliyelala. Ameandika ni nzima.

Basi, jibu limepatikana. Usijisumbue zaidi.

Peris

*

Changamwe
21 Januari 2024

Peris,

Nimekukosea, nisamehe. Niliuliza kama fundi, nikasahau kwamba anayesoma ni wewe.

Lakini usiniambie nisijisumbue. Umeandika jambo ambalo sikulijua: aliijaribu asubuhi. Ilikuwa imelala nje kwenye baridi? Aliiendesha kwa muda gani? Na siku ile Chancelle alipoumia, ulikuwa umefanya kazi nayo tangu saa ngapi? Nijibu hayo tu.

Griffins

*

Changamwe
30 Januari 2024

Peris,

Hujanijibu. Nimevunja agizo lako, nimepiga simu nikiwa gereji, lakini haipatikani. Nimemtafuta yule jirani yako wa Pemba, Bi Nusra. Amesema anakuona ukitoka asubuhi na koti la kazi na kurudi jioni, kwa hiyo ameshukuru kwamba umerudishwa kazini. Nikajua hujarudishwa, maana uchunguzi haujaisha. Unakwenda wapi, dadangu?

Sina haja ya habari za mashine leo. Niandikie neno moja, hata kama ni la kunitukana.

Griffins

*

Hounslow
Ijumaa, 2 Februari 2024

Kaka,

Neno langu ni hili: niko hai. Nitakueleza mengine, kisha usiyarudie kwangu tena.

Sikumwambia mwanangu Makena kwamba nimesimamishwa. Ana miaka tisa, angeniuliza kwa nini, nami sina la kumjibu. Kila asubuhi nimevaa koti, nimempeleka shule, nikaenda kukaa stesheni hadi wakati wa kumchukua. Siku za mwanzo nilikaa kwenye benchi la nyuma. Halafu nikaanza kukaa lile la mbele, karibu na reli. Jumatatu mfanyakazi mmoja wa stesheni, mama wa Kihindi, jina lake Poonam limeandikwa kifuani, alikuja akakaa kando yangu. Hakuniuliza kitu. Akasema, "Treni zako nyingi zimepita. Njoo unywe chai ndani." Nikaenda. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua mpaka chai ikapoa. Akampigia simu daktari wangu yeye mwenyewe. Sasa nina mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na Makena nimeshamwambia. Alinisikiliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba anataka nile.

Nilikuwa nimeishiwa nguvu, Griffins. Walimkata Chancelle mguu. Niliambiwa kwa barua ya ofisi, mstari mmoja.

Maswali yako. Ndiyo, mashine ililala nje, na fundi aliiwasha, akaizungusha uani, akamaliza. Siku ile mimi nilikuwa nayo tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana, bila kuizima, kwa sababu kulikuwa na malori matatu ya kushusha. Na jambo jingine, ambalo nililiona dogo. Kuanzia Desemba, mchana ikishapata moto, ilikuwa ikinyata yenyewe kwenye nyutro. Polepole sana. Nilimwambia Ian mara mbili. Alisema tuvumilie msimu uishe. Sasa anasema hakumbuki.

Jumatano ijayo lori la wenye mashine litakuja kuichukua.

Na kuna hili: handibreki. Sikumbuki kama niliivuta. Najaribu kila siku kuuona mkono wangu ukiivuta, na siuoni.

Peris

*

Changamwe
3 Februari 2024

Peris,

Sitayarudia uliyonikataza. Nasema asante kwa Bi Poonam, basi.

Sasa nisikilize. Si konvata. Nilikosea mwanzo kwa sababu sikujua hilo la kunyata. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi, za mbele kundi lake, za nyuma kundi lake. Ukiweka gia ya mbele, oili inazibana zishikane. Ukiitoa, zinaachana. Zako za mbele zilianza kuteleza Novemba, ndiyo maana injini ilinguruma na mashine haikupanda. Sahani zikiteleza huungua. Zikiungua hupinda. Zikipinda, mashine ikiwa na moto, haziachani hata ukiitoa gia. Asubuhi kwenye baridi zinaachana vizuri, na fundi anaandika ni nzima.

Konvata ndiyo iliyolifanya jambo kuwa kubwa. Injini ikizunguka polepole, oili inasukuma kidogo, mashine inanyata. Ukikanyaga mafuta ili mikono ipande, konvata inazidisha ile nguvu mara mbili na zaidi, na sahani zimeshikana. Lazima iruke. Na rivasi haikuweza kuisimamisha, kwa sababu kundi la mbele lilikuwa bado limeshika.

Hivyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Inaweza. Nilipaswa kukujibu hivyo siku ile ile.

Lakini neno langu kutoka Changamwe si ushahidi. Ushahidi umo kwenye ile giaboksi. Lori likiichukua, watamwaga oili, watabadilisha sahani, na hakuna atakayejua. Tafuta chama chenu cha wafanyakazi, watafute fundi asiye wa kampuni. Mwambie apime mambo haya. Kwanza, breki zikiwa zimeshika, mashine kwenye gia, akanyage mafuta hadi mwisho kwa sekunde chache tu, asome mizunguko ya injini. Gia ya mbele, halafu ya nyuma. Mbele mizunguko ikipanda kupita kiasi na nyuma ikawa ya kawaida, konvata ni nzima na klachi ya mbele ndiyo mbovu. Pili, aifanyishe kazi mpaka ipate moto kama siku ile. Tatu, magurudumu ya mbele yainuliwe juu, aiweke nyutro, akanyage mafuta, aangalie.

Na mtu yeyote asiimwage oili ile.

Griffins

*

Stanmore, London
9 Februari 2024

Bwana Griffins,

Mimi ni Mitesh, fundi ambaye chama cha kina Peris kiliita. Naandika Kiswahili ya Kisumu, nilizaliwa huko na nikatoka nikiwa kijana, kwa hivyo usicheke. Dada yako ameniomba nikueleze mwenyewe kwa sababu mimi ndio nilipima.

Juzi Jumatano nilifika na kukuta lori ya kubeba mashine imewasha injini na haiwezi kutoka kwa geti. Peris amesimama mbele yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Dereva anapiga honi, yeye hasongi. Ian akatoka, akamwambia, "Peris, unajiharibia." Yeye akamjibu, "Nimeshaharibikiwa. Piteni juu yangu ama muishushe." Mimi nikampigia mkaguzi wa serikali hapo hapo, nikamwambia hii mashine imeumiza mtu na inaondoka kabla haijapimwa ikiwa moto. Mkaguzi alikuwa Neasden, mtaa mwingine wa London, kwa kazi nyingine. Akaongea na Ian kwa simu. Mashine ikashushwa.

Leo tumepima, mkaguzi akiwa hapo. Karatasi ya maagizo yako Peris alikuwa nayo. Mimi ningefanya hivyo hivyo, lakini ile ya moto ningeweza kuiharakisha, na wewe umesema ipate moto kama siku ile, kwa hivyo nilibeba paleti za maji juu na chini ya rampu mpaka mkono haukaliki karibu na giaboksi.

Kwa breki, gia ya nyuma injini ilipanda kawaida. Gia ya mbele ilipanda juu sana. Konvata ni nzima, kama umesema. Tukaiinua kwa jeki, magurudumu hewani. Nyutro. Magurudumu yakaanza kuzunguka polepole. Nikakanyaga mafuta. Yakazunguka kwa nguvu hata mashine ikatikisika juu ya magogo. Nikavuta rivasi. Bado yanaenda mbele.

Halafu Ian, ambaye hakuna mtu amemuuliza kitu, akasema, "Aliniambia. Desemba. Aliniambia mara mbili." Mkaguzi akamwambia arudie, na akarudia.

Oili ni nyeusi na inanuka kuungua. Filta imejaa vipande vya klachi.

Kuhusu handibreki, Peris aliniomba nijaribu hiyo pia. Tuliishusha tukaijaribu uani, mbele hakuna mtu. Handibreki ikiwa imevutwa, mashine ilienda, lakini polepole kidogo. Nilimwambia ukweli huo wote, pamoja na hiyo polepole. Aliuliza, "Kidogo kiasi gani?" Nikamwambia hiyo ya siku ile hakuna mtu anaweza kupima.

Mtunze huyu dada kwa barua zako.

Mitesh

*

Hounslow
Jumapili, 11 Februari 2024

Chancelle,

Mkaguzi ameniruhusu sasa kukuandikia. Nimeianza barua hii nikaichana mara nyingi.

Wamegundua kwamba mashine ilikuwa mbovu ndani. Niliitoa kwenye gia, nayo haikutoka. Ningeweza kuishia hapo, na watu wa chama wamenishauri niishie hapo. Lakini kuna breki ya mkono, na sikumbuki kama niliivuta. Ingepunguza mwendo kidogo. Huenda hicho kidogo kingekutosha wewe kuruka pembeni, huenda kisingekutosha. Hakuna atakayejua, hata mimi. Sitaki uje kulisikia kwa mtu mwingine.

Najua hutaki kuniona. Ningekuwa wewe, nisingetaka.

Peris

*

Changamwe
22 Februari 2024

Peris,

Mama amejua. Nusra alimpigia kumpongeza kwamba umeshinda. Nilijiandaa kumkimbiza hospitali. Akaniuliza, "Na yule aliyekatwa mguu, nani anampikia?" Nimekuletea swali lenyewe.

Rudi kazini wakikuita. Ama usirudi. Mimi nitakuelewa kwa lolote.

Griffins

*

London
3 Machi 2024

Peris,

Mimi si mtu wa kuandika, na Kiswahili changu ni cha Bukavu, utanivumilia.

Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si wewe. Nilikuona. Mkono wako ulikuwa unaivuta ile gia nyuma, nyuma, na uso wako ulikuwa kama wa mtu anayezama. Mkaguzi aliponiuliza mara ya kwanza nikamwambia sikumbuki kitu. Nilikuwa nakumbuka.

Nataka ujue sababu. Mguu ulikuwa umekwenda, na nilihitaji mtu wa kumkasirikia. Kampuni haina uso. Ile mashine haina uso. Wewe nilikuwa naujua uso wako, nilikuwa nimekula kwako. Basi nikakukasirikia wewe wiki zote hizo, na hasira ndiyo ilikuwa inaniamsha asubuhi. Mitesh alipokuja kunieleza habari za oili na sahani, akanieleza pia kwamba ulisimama mbele ya lori. Na akasema ulimwambia kuna mwanamke wa stesheni aliyekutoa kwenye benchi. Sikujua. Ningesema mapema. Nakuapia, ningesema.

Habari ya breki nimesoma. Sijui nikujibu nini. Siku nyingine nitakasirika kwa ajili yake, siku nyingine hapana. Uje hivyo hivyo, bado niko hospitali.

Uniletee sombe, ninyi mnaita kisamvu. Wazungu wa hapa wananipa viazi kila siku.

Chancelle

*

Hounslow
Jumatatu, 25 Machi 2024

Kaka Griffins,

Mwambie Mama ni mimi ninayempikia. Naenda mara tatu kwa wiki.

Kazini waliniita. Nilifika hadi getini, nikasikia foklifti ikirudi nyuma na ile honi yake, nikageuka. Sijui nitafanya kazi gani. Usiku mwingine nalala sasa, mwingine silali. Ian ameacha kazi. Nilikutana naye dukani na kikapu chake, akasimama, nami nikasimama, kisha kila mtu akaenda zake.

Siku ya kwanza kwa Chancelle nilimpelekea sombe. Alikula, akalala, nikaosha vyombo nikaondoka. Ya pili alinitukana. Alinitukana kwa Kiswahili, akaishiwa, akaendelea kwa Kifaransa, na nesi akachungulia mlangoni nikamwambia tuko sawa. Nilikaa kitini mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza kama sombe imebaki.

Ijumaa walimvalisha mguu wa kwanza wa kujaribia. Kuna vyuma viwili sambamba anavyotakiwa kuvishika akitembea, na mtaalamu wa mazoezi alitaka kusimama mwisho wake ili amsubiri. Chancelle akakataa. Akasema, "Asimame huyu."

Mtaalamu alinielekeza mahali, nikasimama. Chancelle akainuka. Jasho lilimtoka kabla hajapiga hatua. Akaniangalia machoni, nami nikaangalia chini.

"Niangalie," akasema. "Na usirudi nyuma."

Akaja. Aliburuta ule mguu, akapumzika, akaburuta tena. Nilimsikia akihesabu pumzi zake. Karibu na mwisho goti likamponyoka, akaniangukia mzima mzima, uzito wake wote, kichwa chake kikanigonga kidevuni nikaonja damu. Nilimshika. Mtaalamu alikuja mbio kutaka kumpokea, nikamwambia amwache, nimempata.

Alikuwa akihema kwenye shingo yangu. Nilidhani analia, kisha nikamsikia akisema, polepole, ili nisikie mimi peke yangu.

"Nigeuze," alisema. "Tunarudi tulikotoka."

Nikamgeuza.

Dadako,
Peris